Barua kutoka Wete: pweza mtoro na vita vya dakika 38

Wete, Pemba

Somo yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sie hatujambo. Mama anakusalimu na anauliza utarudi lini. Nimemwambia Maskati si Mkoani, mtu hapandi boti asubuhi akafika. Huku karafuu zimeanza kuchumwa, na kila panapopiga jua pashatandikwa jamvi, hata kandokando ya lami, basi magari yanapita kwa adabu.

Nije kwenye lako. Umesema klipu zangu zinakujazia simu, na kama nina jambo la maana nikuandikie kama watu wa zamani. Haya, nimekaa na kalamu. Na nilipokaa nikaona vingi nilivyokuwa nikikurushia havistahiki wino: paka anayeogopa tango, kijana anayekaanga yai juu ya injini ya pikipiki, mtabiri wa ligi aliyevaa kilemba cha kuazima. Viko vichache lakini nilivyovifuata mpaka mwisho wake, na hivyo ndivyo ninavyokuletea.

Kwanza pweza. Kule New Zealand, mji wa Napier, palikuwa na pweza mmoja akiitwa Inky, akifugwa kwenye tangi na watu wakilipa kumtazama. Usiku mmoja mwaka 2016 mfuniko wa tangi ukaachwa wazi kidogo. Bwana akajipenyeza, akateremka, akajiburura sakafuni, akaingia kwenye bomba la kutolea maji lenye urefu wa kama mita 50, hilo likamfikisha baharini. Asubuhi wafanyakazi wakakuta alama za majimaji sakafuni na mwenyewe hayupo. Alikuwa na mwenzake, Blotchy, naye hakwenda popote. Alibaki. Sasa niambie, somo, kati yangu na yako, nani Inky na nani Blotchy? Wewe umeshakata bahari, mie niko Wete nazungushwa na mama kuanika karafuu.

Nilimsomea shangazi habari hii, nawe unajua kwamba tangu usichana wake bamvua, siku bahari inapojaa na kutoka kuliko kawaida, haimpiti bila kwenda mwambani kuchokoa pweza. Hakushangaa hata chembe. Akasema: "Pweza usiyemuua, ndoo umemwazima tu." Nikamweleza yaliyobaki: kwamba hana mfupa hata mmoja, kigumu pekee mwilini mwake ni ule mdomo kama wa kasuku, na panapopita mdomo hupita mwili mzima. Kwamba ana mioyo mitatu, na damu yake ni ya buluu kwa sababu ina shaba pale yetu ilipo na chuma. Kwamba ana seli za neva zipatazo milioni 500, na thuluthi mbili ya hizo ziko mikononi, si kichwani, hata mkono unaweza kupapasa na kuamua mambo yake kabla kichwa hakijapata habari. Hapo shangazi akacheka, akataja jina la mtu wa mtaani kwetu ambaye sitaliandika.

Lililomnyamazisha ni la mwisho. Pweza jike akishataga haondoki pangoni. Anayalinda mayai, anayapulizia maji yapate hewa, hali kitu, na watoto wanapototoka yeye ndiyo kwaheri. Shangazi akasema wale waliokonda anaowakuta wamejikunyata pangoni na mayai hawana nyama ya maana, naye tangu zamani akiwachukua roho humsuta. Basi nikaelewa vizuri zaidi kwa nini Kisiwa Panza, huku Pemba, walikuwa wanafunga sehemu ya mwamba isivuliwe pweza kwa miezi kadhaa. Pweza hukua haraka mno. Ukimwacha kidogo tu unamkuta mtu mzima.

La pili ni fupi. Kamera ya kwanza kuonesha kitu mubashara kwenye intaneti ilielekezwa kwenye nini, unadhani? Dele la kahawa. Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 1991: wataalamu wa kompyuta walichoka kutoka vyumbani mwao na kukuta dele tupu, wakaweka kamera ili kila mtu alichungulie akiwa kitini kwake. Mwaka 1993 likawekwa hadharani, dunia nzima ikawa inatazama kahawa ya watu. Walipoizima kamera mwaka 2001, dele lile bovu likanadiwa na kuuzwa zaidi ya pauni 3,000. Mzee wa kahawa pale Jaws Corner, barazani Mji Mkongwe, angewaambia mapema: gonga vikombe, watu watajua kama ipo.

Hili la tatu ndilo lililonifanya nikubali kuandika barua.

Ukitafuta habari za Zanzibar kwa Kiingereza, ukishavuka mahoteli na Freddie Mercury, hukosi kukutana nalo: vita vifupi kuliko vyote duniani. Dakika 38, wengine wanafikisha 45. Wamelifanya kichekesho. Mmoja anasema chungu chake cha maharage hakijawahi kuiva upesi hivyo, mwengine anaweka katuni ya sultani anakimbia na joho mkononi. Nami nilicheka, kwa nini niseme uongo. Kisha nikataka kujua dakika hizo zilikuwa na nini ndani.

Sultani wa Zanzibar, Sayyid Hamad bin Thuwaini, alifariki tarehe 25 Agosti 1896. Siku ileile Khalid bin Barghash, binamu yake, akaingia kasrini akajitangaza sultani. Waingereza, ambao Zanzibar ilikuwa chini ya himaya yao tangu 1890, walimtaka Hamoud bin Mohammed. Khalid akapewa mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 ashushe bendera na atoke. Hakutoka. Saa tatu na dakika mbili mizinga ya manowari ikaanza kulipiga kasri, ambalo sehemu kubwa lilikuwa la mbao. Meli ya sultani, Glasgow, ikazamishwa palepale bandarini. Ilipofika kama saa tatu na dakika 40, kwisha. Upande wa kasri waliouawa na kujeruhiwa walikuwa kiasi cha watu 500. Upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja.

Somo, umeona jinsi hesabu ilivyofanywa? Dakika zimehesabiwa moja moja. Watu wamekadiriwa. Na waliokuwamo kasrini si wanajeshi tu, walikuwamo watumwa na watumishi, watu wasioulizwa rai yao na Khalid wala na Hamoud wala na huyo Mwingereza. Tena baadaye wafuasi wa Khalid wakalipishwa gharama za mabomu waliyopigwa. Hilo sijaona mtu amelichorea katuni.

Khalid mwenyewe alikimbilia kwa balozi wa Ujerumani. Waingereza wakakaa nje wakimngoja akanyage ardhi ya Unguja wamkamate. Wajerumani wakangoja bamvua! Tarehe 2 Oktoba maji yalipojaa, mashua ya manowari yao ikaja mpaka kwenye lango la bustani ya ubalozi, Khalid akavuka kutoka mlangoni hadi mashuani bila kukanyaga nje, akapelekwa Dar es Salaam. Shangazi alipenda sana hapo, kwamba hata mambo ya wafalme yalingoja maji. Mwaka 1916 Waingereza walimkamata hukohuko bara, wakampeleka Ushelisheli na St Helena, na mwisho alifia Mombasa mwaka 1927.

Kuna kitu kingine nilikigundua nikiwa natafuta jambo jengine kabisa. Unakumbuka Mei 2024 mtandao ulipozorota nchi nzima, ukaninunia ukidhani sijibu ujumbe wako? Nyaya mbili zilizolala chini ya bahari zilikatika. Mie nilikuwa naamini haya mambo yanapita angani kwa setilaiti. Kumbe karibu yote yanayotoka bara moja kwenda jengine yanapita sakafuni mwa bahari, kwenye waya usiozidi sana unene wa mpira wa kumwagilia maua. Na wa kwanza kufika Unguja si wa juzi: ni wa mwaka 1879, wa simu za maandishi, ukitokea Aden kuteremka mpaka Durban. Ndio uliotumika Agosti 1896. Mwakilishi wa Waingereza, Basil Cave, hakuwa na ruhusa ya kupiga kasri; alipeleka simu London kuuliza, na jibu la ruhusa likarudi chini ya maji, likapita chini ya ngalawa za wavuvi wasiojua lolote. Tangu nilijue hilo, kila klipu ya kipuuzi ikiingia nafikiria njia iliyopita.

Sasa nina ombi, ndiyo maana nimekusimulia kwa urefu. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kiliangalia kurasa za mtandaoni zilizokuwapo mwaka 2013, kikakuta miaka kumi baadaye asilimia 38 hazifunguki tena. Thelathini na nane, namba ileile, Mungu ana mzaha wake. Kwa hiyo hata hicho kichekesho chao hakina dhamana, seuze habari zetu ambazo hakuna aliyeziweka. Zipo picha za kasri baada ya mabomu, nimeziona: magofu, mbao zimeparaganyika. Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, nacho kimeweka wazi hazina ya Winterton, picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki ya zamani, ingia ukipata nafasi, utapotea humo usiku kucha. Lakini picha hazisemi nani alikuwa jikoni asubuhi ile.

Huko uliko kuna wazee waliozaliwa Unguja, mpaka leo Kiswahili chao ni cha mitaa ya Malindi na Shangani. Mabibi wa mabibi zao walikuwa hai siku ile. Kawaulize, kwa upole, kwenye kahawa, usiende na simu umeinua kama mwandishi wa habari: kwao ilisimuliwa vipi? Nani alikimbilia mtaa wa Ng'ambo, nani alirudi kutafuta mtu wake? Yatakayopatikana uniandikie kwa mkono wako, yawe mafupi vipi. Na wakikwambia hawajui kitu, uniandikie vilevile kwamba uliuliza.

Mama anasema ukipata mtu anayekuja, mpe ubani, ule mweupe, si wa vumbi uliotuletea mara ile.

Wasalaam,
Ni mie somo yako