Mtawa Mwingereza aliyezikwa Munich

Shikamoo Baba,

Huku sote wazima. Habari za nyumbani na za watoto nimezungumza na Mama kwenye simu. Wewe nimeona nikuandikie, maana jambo lenyewe ni la Kanisa na nataka ulisome taratibu.

Kuna mtawa Mfransisko, William wa Ockham, Mwingereza wa Surrey, aliyezaliwa karibu mwaka 1287. Alisoma na kufundisha Oxford, akaandika kitabu kikubwa cha mantiki, Summa Logicae. Wasomi wanamkumbuka kwa kanuni yake ya kutodhania mambo mengi pasipo lazima. Mimi nimeguswa zaidi na kilichomfikisha huku Bavaria, walikotoka Wabenedikto wetu wa Peramiho.

Mwaka 1324 aliitwa Avignon, alikokaa Papa siku hizo, mafundisho yake yachunguzwe. Huko akakuta ugomvi wa ufukara. Wafransisko walishika kwamba Kristo na mitume hawakumiliki kitu, hata kwa pamoja. Papa Yohane XXII alikwisha kutamka, mwaka 1323, kwamba kusema hivyo ni uzushi. William hakuwa na haraka. Aliandika mwenyewe baadaye kwamba karibu miaka minne hakutaka kuamini kirahisi kuwa mwenye cheo kile angeweza kupotoka. Ndipo mkuu wa shirika, Michael wa Cesena, akamwagiza asome hati za Papa. Akazisoma neno kwa neno, na moyo wake ukageuka. Mei 1328 walitoroka usiku, wakakimbilia kwa Ludwig wa Bavaria, mtawala wa Wajerumani aliyekuwa akigombana na Papa, wakatengwa na Kanisa.

Hapa Munich aliandika kitabu cha kumjibu Papa, Kazi ya Siku Tisini. Papa alidai chakula huwezi kukitumia bila kukimiliki, kwa kuwa ukikila kimekwisha. William akajibu kwamba ruhusa yatosha. Mgeni anakula ugali wetu akashiba, na sufuria hadai kuwa lake! Alifariki mwaka 1347. Kanisa alimozikwa lilibomolewa mwaka 1802, na katika eneo hilo leo pana jumba la opera.

Baba, umekuwa katekista tangu sijazaliwa. Huyu alimtii mkuu wake akasoma, na kusoma huko kukamfanya amkatae Papa. Je, alivunja nadhiri yake ya utii, au aliitimiza? Mimi naona aliitimiza. Nijibu kwa mkono wako, hata kama utanikemea.

Mwanao