Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Jarida Letu, Karatasi au Kidijitali?

Ndugu wanachama,

Mwaka huu swali moja limetawala vikao vya kamati: jarida letu la waunda ndege na meli ndogo za mfano liendelee kuchapwa, au libaki la kidijitali peke yake? Tunapendekeza yote mawili yaendelee, kila moja kwa kazi linayoiweza. Sababu kubwa ni michoro, ambayo mnaichapa kwa ukubwa kamili na kukatia vipande.

Malalamiko mengi mliyoleta yalihusu vipande visivyoingiana, na chanzo kimebainika. Mchoro huandaliwa kwa A4, yaani milimita 210 kwa 297. Printa iliyowekewa karatasi ya Letter ya Marekani, yenye urefu wa milimita 279, huubana ukurasa mzima ili utoshee, na mchoro hushuka hadi asilimia 94 hivi. Kwa macho huoni tofauti. Lakini mwanya wa ubavu wa bawa uliochorwa milimita 3 hutoka 2.8, na plaiwudi ya milimita 3 haipiti. Ukiupanua kwa tupa bila uangalifu, mbavu hukaa upande na bawa hupinda. Hata A4 kwa A4 mchoro huweza kupungua, kwa kuwa printa huacha nafasi ya kingo. Kuanzia toleo lijalo kila mchoro wa kidijitali utakuwa na mistari miwili ya majaribio ya milimita 100, wima na mlalo. Chagua ukubwa halisi au asilimia 100, chapa ukurasa mmoja, pima mistari yote miwili kwa rula ya chuma, ndipo uchape iliyobaki.

Kwenye jarida la karatasi mchoro mkubwa utakaa kurasa za katikati: unafungua pini, karatasi ya A3 inatoka nzima bila kiungo. Karatasi nayo hutanuka ikipata unyevu, basi pimeni kabla ya kukata.

Kuhusu gharama, wengi huuliza kwa nini hatuongezi ukurasa mmoja tu. Jarida la kubana pini katikati huongezeka kurasa nne nne. Karatasi moja ya A4 ya gramu 80 kwa mita mraba, yenye kurasa mbili, ina uzito wa gramu 5, hivyo kurasa 32 ni gramu 80, na kurasa 40 ni gramu 100 kabla ya bahasha. Posta hutoza kwa madaraja ya uzito, na kurasa nne zaidi zaweza kulirusha jarida daraja la juu. Makala ndefu zisizo na michoro, pamoja na picha za ziada, zitakwenda kwenye toleo la kidijitali.

Wenzetu wamepita njia hii. Chama cha redio za ridhaa cha Marekani, ARRL, ambacho jarida lake QST lilianza 1915, tangu 2024 hutoza nyongeza kwa anayetaka nakala ya karatasi. Jarida la sayansi la Marekani, Popular Science, liliacha karatasi 2021, na kufikia 2023 hata jarida la kidijitali likasitishwa. Kuacha karatasi pekee hakuliokoi jarida.

Matoleo ya zamani tunayaskani kwa nukta 300 kwa inchi, michoro ya mistari kwa 600, kisha maandishi yanatambuliwa ili yatafutike. Tunahifadhi kwa PDF/A, aina ya PDF ya kuhifadhi nyaraka kwa muda mrefu, ambayo hubeba fonti zake ndani, bila kufuli lolote. Jarida linalosomeka ndani ya programu moja tu hupotea siku huduma ile ikifungwa, na msomaji aliyelipia miaka mingi hubaki mikono mitupu. Nakala zitakuwa tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikikaa mbali na ofisi.

Waandishi, tumeni picha asilia, si zilizobanwa na programu za ujumbe: picha ya upana wa sentimita 9 inahitaji pikseli 1,063 kwa upana ili ichapike vizuri kwa nukta 300 kwa inchi.

Asiyehitaji karatasi amjulishe mhazini kabla ya mkutano mkuu, ili idadi ya nakala za kuchapwa ipangwe kwa uhakika.

Mwenyekiti