Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Chama cha Karate

Ndugu wanachama, wazazi na walezi,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji nawashukuru mliofika. Mazoezi ya Jumanne, Alhamisi na Jumamosi yaliendelea mwaka mzima, mitihani ya mikanda ilifanyika mara mbili, paa la ukumbi limezibwa. Hayo mnayajua.

Kuhusu fedha: wanachama waliosajiliwa ni 58, ada iliyotarajiwa shilingi 3,480,000, iliyokusanywa 1,735,000. Kodi ya ukumbi 1,200,000, panga za mbao 380,000, mengineyo 140,000, salio 15,000. Waliolipa ada kamili ni 21. Majina ya wengine anayo mhazini, na baadhi yao ndio wanaoongoza kwa kuhoji matumizi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowaleta wengi wenu leo. Kamati, kwa pendekezo langu, iliamua tusipeleke timu kwenye mashindano mwaka huu, na fungu la safari tukalitumia kuchongesha panga 20 za mninga kwa fundi wa Keko. Nilikwenda mwenyewe kusimamia kipimo na uzito. Imesemwa kwamba nimewanyima vijana medali. Imesemwa pia kwamba chama cha karate hakina kazi na panga. Kikao cha kujadili suala hili kiliitishwa mapema, akidi ikatimia kwa shida, na waliolalamika baadaye hawakuwemo.

Tatizo letu lilikuwa umbali, ile maai ambayo kila mwenye mkanda wa kahawia hapa anaitaja. Katika kumite ya hatua moja, yaani zoezi la kupambana wawili wawili kwa shambulio moja lililotangazwa, mshambuliaji anatangaza "jodan", maana yake juu, anaingia na ngumi ya uso, mwenzake anazuia na kujibu. Nilikaa pembeni nikaangalia jozi baada ya jozi. Ngumi zilikuwa zinaishia shubiri nzima mbele ya pua. Anayezuia anafagia hewa, anajibu kwa kelele kubwa, wanarudi mahali pao wameridhika. Nikamwambia kijana mmoja wa mkanda wa kijani asizuie kabisa, asimame tu. Ngumi haikumfikia. Miezi yote hiyo alikuwa akijikinga na kitu ambacho kisingempata.

Mshambuliaji wa namna hiyo anadhani anamhurumia mwenzake, kumbe anamdanganya. Sundome, yaani kuisimamisha ngumi karibu kabisa na ngozi, inataka kwanza ngumi yenye uwezo wa kufika. Iliyoanza ikiwa fupi haina cha kusimamishwa.

Wanaosema mashindano yangewafundisha hayo hayo, nawakumbusha fainali ya uzito wa juu ya wanaume kwenye Olimpiki ya Tokyo, Agosti 2021, katika ukumbi wa Nippon Budokan. Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa akiongoza 4 kwa 1. Teke lake la juu likamwangusha Sajad Ganjzadeh wa Iran, akapoteza fahamu. Waamuzi wakamwondoa Hamedi kwa kupiga bila udhibiti, na dhahabu ikaenda kwa aliyekuwa amelala chini. Simlaumu Hamedi, alipigana vizuri sana siku ile. Lakini ikiwa umbali unamponyoka mtu wa kiwango hicho, watoto wetu wa miaka 14 tungewapeleka na maandalizi gani?

Kwa nini panga? Kwa sababu upanga unauweka umbali mbele ya macho. Katika kata za kendo, yaani mifululizo ya hatua maalumu ya sanaa ya upanga ya Kijapani, zilizopangwa mwaka 1912, wawili wanaanza wakiwa mbali hatua tisa, kila mmoja anasogea hatua tatu, ncha zinakutana. Hapo hatua moja inatosha kupiga, na hatua moja inatosha kuokoka. Katika kata ya kwanza wote wameinua panga juu ya kichwa. Mkubwa, yaani anayeshambulia, anakata moja kwa moja. Mdogo, yaani mwanafunzi, anarudi nyuma kidogo, upanga unapita mbele yake, naye anaingia na kukata. Akiondoka mapema, mkubwa anamfuata. Akichelewa, mninga unamgonga. Na anayeshambulia ni mwalimu, ambaye tangu mwanzo anajua ndiye atakayeshindwa, lakini lazima akate kwa nia ya kweli. Akiupeleka upanga pembeni kwa huruma, mwanafunzi hajapata kitu.

Mzazi mmoja aliniuliza kama nia hiyo haitawafanya vijana kuwa wababe. Nilimjibu kwamba kwenye hekalu la Engaku-ji, Kamakura, Japani, liko jiwe la kumbukumbu la Funakoshi Gichin, mwasisi wa karate ya kisasa, lenye maneno kwamba katika karate hakuna kuanza kushambulia. Anayejua hasa ngumi yake inafika wapi hana sababu ya kuirusha ovyo.

Tuliporudi kwenye kumite ya hatua moja, yule kijana wa mkanda wa kijani alimsubiri mwenzake mpaka bega likaanza kusogea, ndipo akatoka kwenye mstari. Jibu lake halikuwa la kasi, lakini lilifika. Wenye macho waliona, na sitaomba radhi kwa uamuzi huo.

Kinachonisikitisha ni mahudhurio. Jumamosi za panga tulishuka kutoka watu 40 hivi hadi 15, wengine wakahukumu bila kuushika upanga hata mara moja. Zoezi hili ni la jozi. Asipokuja mmoja, wawili wamekosa. Kuna Jumamosi nimesimama mimi na mhazini, panga 18 zikiwa ukutani.

Mwakani tunatarajia, Mungu akipenda, kupata ukumbi wetu, darasa la akina mama na pengine mwalimu mgeni kutoka Japani. Suala la mashindano litaangaliwa upya hali ya fedha ikiruhusu. Ada inapokelewa leo mlangoni, kwa mhazini.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti