Mtoto mchanga mwenye kifua: nani anakohoa nyumbani?

Mhariri,

Nimehudumu wodi ya watoto katika hospitali moja hapa jijini mpaka nikastaafu. Kuna swali natamani aulizwe kila mama ambaye mwanawe wa chini ya miezi 6 amelazwa kwa kifua: nyumbani nani mwingine anakohoa?

Mtoto akija anahema haraka huandikiwa nimonia, anawekewa oksijeni, anaanzishiwa ampisilini na jentamaisini. Mara nyingi ni sahihi. Lakini kifaduro, ule ugonjwa wa kuambukiza wa kikohozi kikali cha mfululizo, hujificha humo humo, na dawa hizo hazikiwezi. Kinataka azithromaisini, tena mapema, maana kikohozi kikishakomaa dawa husaidia zaidi kuzuia kuambukiza wengine.

Wengi husubiri ule mlio wa kuvuta pumzi, kama jogoo anayejifunza kuwika. Kichanga mara nyingi hana nguvu ya kuutoa. Anakohoa mfululizo bila kupata upenyo wa kuvuta hewa, uso unamuiva, midomo inakuwa ya bluu, anatapika maziwa yote, kisha analegea. Mwingine hakohoi sana, anasita tu kupumua. Homa anaweza asiwe nayo. Daktari akipita asubuhi anamkuta ametulia, kifua kinasikika safi.

Ndiyo maana nilikuwa nawaambia kina mama: kikohozi kikimshika usiku, mrekodi kwa simu. Mama mmoja wa Chamazi alileta video fupi, daktari akaitazama mara mbili, akaagiza kipimo cha picha nzima ya damu. Limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu, zilikuwa zimepanda kupita kiasi, jambo linaloashiria kifaduro. Kumbe bibi aliyekuwa akimbeba mtoto alikuwa na kikohozi cha muda mrefu, mwenyewe akisema ni vumbi la barabara.

Mitaani nako kikohozi cha kutapika huitwa kimeo, mtoto anapelekwa kukatwa kile kinyama cha kooni. (Hapa nikianza sitamaliza.) Atavuja damu, na kifaduro kitabaki palepale.

Chanjo ya pentavalenti, inayokinga magonjwa matano kikiwemo kifaduro, huanza wiki ya 6, kisha ya 10 na ya 14. Wiki zile za mwanzo mtoto hana kinga ya chanjo, na ndipo kifaduro huua zaidi. Uingereza tangu 2012 wajawazito wanachanjwa kifaduro ili mtoto azaliwe na kinga ya mama. Kliniki zetu zinawachanja wajawazito pepopunda. Wizara ituambie kama na hii inafikiriwa.

Hilo litachukua muda. Kinachowezekana wiki hii ni mtoto anayeshukiwa kutengwa mpaka afikishe siku 5 za dawa. Najua vitanda havitoshi, nimelaza watoto wawili kitanda kimoja miaka mingi. Basi hata kona ya mwisho karibu na dirisha, mbali na wale wa chini ya wiki 6, na barakoa kwa kila anayemhudumia. Na bibi anayekohoa naye apewe dawa, asiendelee kumbeba.

Muuguzi mstaafu,
Mbagala, Dar es Salaam