Shokapu ya mbele ya baiskeli imekaza? Kazi hii unaweza kuifanya nyumbani

"Fundi, shokapu imekufa." Hayo ndiyo malalamiko tunayoyasikia zaidi hapa karakana, na mara nyingi hata haijafa, imekauka tu. Miguu ya chini ya foku, yaani uma wa mbele wenye shokapu, huwekwa oili kidogo, mililita chache kila upande, ya kulainisha bomba zinazong'aa zinapopanda na kushuka. Oili hiyo huchafuka na kupungua, na sponji ndogo zilizo chini ya sili (mpira unaozuia oili isitoke na vumbi lisiingie) hubaki kavu. Hapo ndipo mikono inaanza kupigwa na vijiwe ambavyo zamani hukuvisikia.

Sisi wa Arusha tuna shida ya ziada. Udongo wa chini ya Mlima Meru ni wa volkano, laini kama unga. Kiangazi unapenya popote na masika unaganda kwenye sili. Watengenezaji wa foku wana ratiba zao: RockShox wanaelekeza miguu ya chini ifunguliwe kila baada ya saa 50 za kuendesha, Fox kila baada ya saa 125 au mara moja kwa mwaka, na wote wanataka muda huo upunguzwe kwenye vumbi na tope. Ukitoka Jumamosi na Jumapili, saa mbili kila siku, saa 50 zinatimia kwa miezi mitatu tu. Kama huna muda wa kuhesabu, basi walau usiache masika yaishe bila kuifungua.

Kabla ya kushika spana, jua una foku gani. Baiskeli nyingi za mtumba zinakuja na foku za springi ya chuma, kwa mfano Suntour XCT au XCM. Hizo kwa kawaida hulainishwa kwa grisi, hivyo usihangaike kutafuta oili. Ya hewa utaitambua kwa kifuniko kilicho juu, mara nyingi mguu wa kushoto: ukikifungua unakuta vali ya aina ile ile ya tairi la gari.

Kwenye foku ya hewa, pima presha kwa pampu ya shokapu, iandike, kisha toa hewa yote. Yote kabisa, kufungua foku yenye hewa ndani ni kujitafutia jeraha. Toa tairi na breki, uziweke mbali. Pedi za breki ya diski zikishalowa oili, mara nyingi unanunua nyingine. Vuta kitufe cha kurekebisha kasi ya foku kurudi juu ikishabonyea, kile chekundu chini ya mguu wa kulia, kisha legeza bolti za chini kwa spana inayotosha, nyingi za RockShox ni spana ya L namba 5.

Hapa ndipo watu wanapoharibu. Usizitoe bolti kabisa. Zizungushe mara tatu au nne tu, kisha gonga vichwa vyake kwa nyundo ya mpira mpaka vizame na shafti ya ndani iachie. Ukigonga wakati bolti imeshatoka, unapiga nyuzi za shafti yenyewe, na hiyo si spea ya kuipata leo kesho hapa mjini. Ikishaachia, toa bolti, tega beseni, vuta miguu ya chini.

Safisha ndani kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilichozungushiwa kijiti, na spiriti. Petroli hapana, tunajua kila gereji inaoshea petroli, lakini sili za mpira haziipendi. Sponji zitoe, zioshe, zikamue, uziloweke oili mpya. Kwenye midomo ya sili paka grisi nyepesi ya shokapu. Grisi nzito ya beringi itaifanya foku igome upya.

Kiasi cha oili na uzito wake, yaani ni nzito au nyepesi kiasi gani, usikisie. Tafuta jedwali la mtengenezaji kwa modeli na mwaka wa foku yako, maana hata pande mbili za foku moja zinaweza kutofautiana. Rudisha miguu ya chini nusu tu, ingiza oili kwa sindano kupitia matundu ya bolti, kisha sukuma mpaka mwisho na ukaze. RockShox huhitaji takriban Nm 7 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), yaani si kwa nguvu zako zote.

Ukiwa umeifungua, pitisha ukucha kwenye bomba zinazong'aa. Mchubuko unaokwama kwenye ukucha utaila kila sili mpya utakayoweka, na bomba za kubadilisha bei yake mara nyingi inakaribia foku nzima. Ndiyo maana tunagombana na wateja wanaopeleka baiskeli kwa waosha magari: ile mashine ya presha ikielekezwa kwenye sili inasukuma mchanga ndani.

Dampa, sehemu ya ndani inayodhibiti kasi ya foku, tuachieni sisi. Foku ikirudi kwa kishindo hata ukizungusha kile kitufe chekundu, au ikipoteza hewa usiku mmoja, tatizo liko ndani zaidi na linahitaji vifaa maalumu. Ukiileta, njoo na ile presha uliyoandika, uzito wako, na modeli ya foku. Foku peke yake inatosha, baiskeli baki nayo. Spea za zamani tunakurudishia kwenye mfuko, uone mwenyewe kilichobadilishwa.