Shukrani kwa kaka aliyesimama kando ya shamba

Kaka uliyesimamisha gari siku ile, jina sikukuuliza, asante sana. Ulinikuta navuta nyasi zilizokwama mdomoni mwa mashine ya kufunga marobota ya mviringo, trekta likinguruma. Ukapiga kelele nizime kwanza, nichomoe ufunguo, ndipo nipeleke mkono. Nakiri nilikasirika kidogo. Mkono ninao bado.

Kisha ukaniambia nisogeze kiganja karibu na beringi ya rola ya kulia, kile chuma kinachoshika rola ikizunguka. Sikufika hata kuigusa: joto kama la kikaango, na vumbi la nyasi kavu limejikusanya pale pale. Cheche moja tu, mashine na shamba vingeteketea. Beringi hiyo nimeibadilisha, na sasa nazikagua beringi zote kila nikimaliza kazi.

Na ule ujanja wa kupita kushoto kisha kulia juu ya mstari wa nyasi zilizokatwa! Marobota yangu yalikuwa yakitoka na vitambi kama mapipa. Sasa yamejaa hadi kingoni. Nikinunua mashine nyingine nitaangalia mikanda na minyororo kwanza, rangi baadaye, kama ulivyosema. Ukipita tena, tafadhali simama.