Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa yetu: maji ya kifundo na maji ya kifuani

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: NAMNA YA KUPANGA VIPAUMBELE VYA MIRADI YA MITAA

Ninakuandikia nikiwa mjumbe wa kamati ya mtaa mmoja wa bondeni hapa Dar es Salaam, na mwalimu mstaafu wa hisabati. Ombi langu ni moja: kabla ya maandalizi ya bajeti ijayo, fomu tunayoitumia kupanga vipaumbele ibadilishwe, ili yale wananchi wanayoyaeleza kwa maneno yasilazimishwe kuwa "Ndiyo" au "Hapana", au tarakimu moja isiyo na maelezo.

Katika kikao chetu cha mwisho fomu iliuliza, "Je, eneo hufurika wakati wa mvua?" Mama mmoja anayeuza vitumbua karibu na kivuko alisema kwamba wakati wa masika maji humfika kifuani, na watoto hawavuki kwenda shule mpaka yapungue. Mzee wa upande wa juu alisema kwake maji huishia kwenye kifundo cha mguu, tena kwa muda wa saa moja hivi. Karani akaandika "Ndiyo" mara mbili. Nilimwona akisita, kalamu ikiwa juu ya karatasi, kwa kuwa aliisikia tofauti ile kama tulivyoisikia sote, lakini fomu haikumpa mahali pa kuiandika. Mwishowe kalavati la kivuko na ukarabati wa ofisi ya mtaa vilipata alama 7 kila kimoja, vikahesabiwa kuwa sawa, na ofisi ikatangulia kwa sababu gharama yake ni ndogo.

Ndugu Mkurugenzi, hisabati ya kuitunza tofauti hiyo ipo. Mwaka 1965 Lotfi Zadeh, mzaliwa wa Baku aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichapisha makala kuhusu seti fazi, yaani makundi yasiyo na mpaka mkali, ambamo kitu kinaweza kuwamo kwa kiwango chochote kati ya 0 na 1. Kwa lugha ya bondeni kwetu, tunaweza kukubaliana kwamba maji ya kifundo yamo katika kundi la "mafuriko ya hatari" kwa kiwango cha 0.1, maji ya magoti kwa 0.5, na maji ya kifuani kwa 1. Mwaka 1970 yeye na Richard Bellman walionyesha namna ya kufanya uamuzi pale ambapo malengo na vikwazo vyenyewe havina mipaka dhahiri, na hiyo ndiyo hali ya kila kikao cha mtaa. Nitaje pia, kwa fahari, kwamba Ebrahim Mamdani, aliyezaliwa katika ardhi hii ya Tanzania mwaka 1942, ndiye aliyeitoa mantiki hiyo kwenye makaratasi: mwaka 1975 yeye na mwanafunzi wake walichapisha jinsi walivyoiongoza injini ndogo ya mvuke kwa kanuni zilizoandikwa kwa maneno ya kawaida.

Kwa kazi yetu inatosha kila alama iandikwe kwa namba tatu: ya chini kabisa inayowezekana, inayoelekea zaidi kuwa kweli, na ya juu kabisa. Tuseme wajumbe wanaona alama ya kalavati ni 7, ila haishuki chini ya 6 na mvua ikizidi inaweza kufika 10. Ofisi nayo wanaipa 7, lakini inaweza kushuka hadi 4 na haivuki 8. Jumlisha namba tatu za kila mradi, kisha gawanya kwa 3: kalavati linapata 7.67 na ofisi 6.33. Miradi iliyoonekana sawa imeachana, na kilichoiachanisha ni maelezo ambayo wananchi walikuwa wameshayatoa.

Sitaki kukuficha upinzani uliopo. Thomas Saaty, aliyebuni njia ya kulinganisha vigezo viwili viwili kwa kipimo cha 1 hadi 9, alipinga waziwazi mwaka 2007 kuongezewa ufazi kwa njia hiyo, akieleza kuwa hukumu za watu tayari zina ulegevu ndani yake na kwamba kuzilegeza tena hakuhakikishi jibu bora. Ninauheshimu upinzani huo. Ndiyo maana siombi programu ya gharama kubwa wala mshauri mwelekezi; jedwali la kawaida la kompyuta linatosha, na mchumi wa manispaa anaweza kulitengeneza kwa siku chache. Ninachosisitiza ni uzito wa vigezo, yaani kila kigezo kihesabiwe kwa kiasi gani katika kupanga miradi. Mkutano mkuu wa mtaa uulizwe kwanza, kabla orodha ya miradi haijasomwa, kama usalama wa maisha ni "muhimu kidogo zaidi" au "muhimu zaidi sana" kuliko gharama, na jibu libandikwe kwenye ubao wa matangazo. Orodha ikishajulikana, kila mtu huvutia kwake, na mimi nimo.

Tena, matokeo yajaribiwe. Ikiwa kubadili uzito kidogo tu kunaupindua mpangilio, wataalamu walitamke hilo mbele ya Kamati ya Maendeleo ya Kata, na uamuzi urudi kwa watu, badala ya kufichwa nyuma ya desimali mbili.

Masika huanza Machi. Karatasi za kikao kile ninazo, pamoja na maneno ya yule mama niliyoyaandika pembeni kwa mkono, na niko tayari kuzileta ofisini kwako siku yoyote utakayoipanga.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mjumbe wa Kamati ya Mtaa,
Dar es Salaam